Santuri Safi za Nyansiongo

Miaka ya tisini nilikuwa nikikusanya santuri kuukuu. Nyimbo sikuzijali, shida yangu ilikuwa ile karatasi ya katikati. Nilizitaka za mwanzo, zenye picha ya korongo mwekundu, kabla kampuni iliyozitoa haijamfuta korongo na kuacha jina la kampuni tupu. Kisii mjini sikupata hata moja. Kisha shangazi akaniambia marehemu mumewe aliacha kumi za korongo, kule Nyansiongo.

Nilifika mbio. Alikuwa ameziloweka majini kwenye ndoo ya kukamulia maziwa, akazisugua kwa sabuni, akazianika uani zikimeta, bila karatasi hata moja.

“Nimekutolea uchafu wote, mwanangu.”

Nilitaka kupiga mayowe. Nikasema asante. Alifurahi mno, akaahidi kukusanya na za majirani, azioshe zote kabla sijarudi.