Kasha Lisilo na Karatasi

Shemeji yangu Orrin Haugland ana risasi nyingi kuliko kituo chetu cha polisi, na sijawahi kumsikia akigombana na mtu. Nasema mapema kwa sababu wageni wakishuka kwenye stoo ya chini ya nyumba yake hubadilika rangi. Wanaona makasha ya chuma ya jeshi, ya kijani, yamejaza ukuta mzima, basi wanaanza kuutafuta mlango kwa macho. Kumbe mwenye mali ni mzee wa miaka sabini na mbili, dereva mstaafu wa basi la shule, anayelia kwenye harusi za watu asiowajua.

Hapa kwetu kaskazini mwa Montana risasi ni kitu cha nyumbani kama viazi. Tofauti ni kwamba sisi wengine tunanunua, Orrin anatengeneza. Maganda ya risasi tunayookota baada ya kulenga shabaha tunampelekea yeye. Anayasafisha, anayanyoosha kwa mashine yake ya mkono, anatia fataki mpya ya kuiwasha, anapima baruti kwenye mizani ndogo, anakandamiza kichwa cha risasi juu yake, kazi imekwisha. Kila vuli wawindaji wa mtaa wetu wanapata kwake risasi zinazoipenda bunduki ya kila mmoja, maana bunduki nazo zina deko. Yangu, kwa mfano, haitaki kabisa za dukani.

Kutengeneza si tabu kwake. Kinachomtoa jasho ni kuhifadhi. Kasha halikai sakafuni hata siku moja, kwa sababu kuna mwaka theluji iliyeyuka kwa pupa na maji yakaingia hadi ngazi ya pili. Yote yako juu ya mbao. Kila kifuniko kina mpira wa kuzuia hewa, na ndani anatia vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Akisikia umenunua viatu atakuja kuulizia kifuko, viatu vyenyewe hata havitazami. Baruti ina kabati lake upande mmoja, fataki zina lao upande wa pili, na kwenye meza yake ya kazi haliruhusiwi kopo la baruti zaidi ya moja.

Dada yangu Ardis, mkewe, ameachiwa rafu mbili za mwisho, za jemu. Mpaka wao ni mkanda mwekundu uliobandikwa kwenye mbao.

"Jemu yako imevuka," Orrin atasema.

"Risasi zako zilivuka tangu mwaka ule wa uhaba, na hazijarudi kwao," Ardis atamjibu. "Zile za sungura tu zinatosha kumaliza sungura wa Montana na Kanada. Unamwogopa nani, baba?"

"Namwogopa mwenye duka. Akisema zimekwisha, mimi nacheka."

Na sheria kubwa kuliko zote ni karatasi. Kila kasha lina karatasi ndani na lebo nje: tarehe, baruti gani, kiasi gani, kichwa gani, bunduki ya nani. Baruti za aina mbili zinaweza kufanana kwa macho kama unga na unga, lakini ukizibadilisha bunduki inaweza kukupasukia usoni. Risasi zisizo na karatasi Orrin hazipigi wala hampi mtu. Anazivunja.

Majira ya baridi yaliyopita alifanyiwa upasuaji wa jicho, na binti yao akaanza kusema baba aache mambo haya, umri umekwenda. Orrin alichukia sana. Kwenye chakula cha Krismasi akaweka uma chini, akaapa mbele yetu sote: "Siku nitakayoshindwa kusema kilichomo kwenye kasha langu mwenyewe, Ardis auze meza na mashine zote. Sitabisha hata neno moja." Ardis akasema sawa, akampa viazi vingine. Tulicheka, ila mimi nilimwona dada yangu amelishika lile neno.

Basi Jumatano, siku tatu kabla ya msimu wa kulungu kufunguliwa, nilikwenda kuchukua risasi zangu. Nikamkuta Merle Kvamme, jirani yao, naye kafuata zake. Orrin akatushusha stoo kwa madaha, akachukua kasha moja kutoka kwenye mbao, akafungua. Risasi zilikuwa zimepangwa safi, zinang'aa, mia mbili kamili. Karatasi hakuna. Akaligeuza kasha, na lebo nje hakuna.

"Hizi ni za nani?" Merle akauliza.

Orrin akainama. Alikuwa anatazama ndani ya kasha kama mtu aliyefika sokoni akasahau kilichomleta. Nilimwona akihesabu vidole, akafungua daftari lake, akalifunga. Masikio yakamwiva.

"Nilizitengeneza mwezi huu huu," akasema polepole. "Nakumbuka kuzitengeneza. Sikumbuki baruti gani."

"Aa, mzee, wewe hujakosea tangu nakujua," Merle akasema. "Hizo ni za bunduki yangu, hata kwa macho zinaonekana. Nipe nikapige tatu nne kule shimoni tunakolengea shabaha, zikilia vizuri, basi."

"Na zisipolia vizuri?"

"Umezidi uoga, bwana! Kulungu Jumamosi, utanipa nini mimi, mawe?"

"Nitakupa mawe," Orrin akasema. "Nenda nyumbani, Merle."

Merle akapanda ngazi akinung'unika. Mimi nilibaki. Nilikuwa nimekumbuka kitu. Wiki mbili nyuma friza langu liliharibika, nikampigia Orrin simu mchana aje na pikapu anisaidie kuhamisha nyama. Alikuja mikono ikinuka mafuta ya mashine. Nikamwambia hapo hapo stoo, "Shemeji, ni mimi. Nilikuita ukiwa katikati ya kazi. Ndiyo maana hukuandika."

"Wewe uliita tu, shemeji. Karatasi ilikuwa yangu."

"Basi tumwambie Ardis ni friza."

"Friza halikuapa wakati wa Krismasi."

Akachukua ile nyundo yake ya plastiki yenye tundu. Unaingiza risasi kwenye tundu, unagonga juu ya kigogo, kichwa na baruti vinachomoka. Kazi ya kuchosha mno, moja moja, na kila moja ina ukaidi wake, nyingine inataka mapigo matatu. Nikapanda jikoni nimwache, na mlio ukanifuata kupitia sakafu. Tok. Tok. Tok.

Ardis alikuwa anaoka. Miaka arobaini na nane ya ndoa, mlio huo anaujua. Alipangusa meza iliyokuwa safi, akaipangusa tena, halafu akauliza, "Ni ngapi?"

"Mia mbili," nikasema.

"Zote?"

"Zote."

Akavua aproni. Nami nikamfuata nyuma, maana nilikuwa naogopa, na sioni haya kusema hivyo. Meza ile ndiyo iliyomshika mzee yule tangu aache basi. Ikiuzwa, atakaa dirishani anahesabu magari, na magari yenyewe kwetu hayafiki kumi kwa siku.

Orrin alimsikia akishuka, akaweka nyundo chini. Kwenye bakuli kulikuwa na rundo la baruti, ile ambayo baadaye huimwaga juu ya nyasi za uani, zikastawi ajabu.

"Mama watoto," akasema, "siku imefika. Kasha langu, na sijui kilichomo. Mwite mnunuzi aje aione meza. Mimi nilisema sitabisha, na sibishi." Kisha akageuka ukutani, kwa sababu machozi yalikuwa yameshamtoka.

Ardis akavuta kasha tupu, akakaa juu yake. "Merle alitaka nini? Nilimsikia akipiga kelele."

"Alitaka nimpe akajaribu."

"Ukasemaje?"

"Nikamfukuza."

"Ungeweza kuandika karatasi yoyote ukaitia ndani. Nani angejua?"

Orrin akamgeukia kwa hasira, kwa mara ya kwanza siku ile akafanana na yeye mwenyewe. "Karatasi ya uongo? Imwue Merle? Wewe mwanamke una wazimu?"

"Basi mimi siuzi kitu," Ardis akasema. "Nilikuwa nangoja siku utakayokisia. Miezi kumi nalala na hofu hiyo, Orrin, ukisikia nakoroma najifanya. Leo umesahau, na umekaa hapa unavunja mia mbili kwa mkono ule wenye baridi yabisi ili usikisie. Meza nimwuzie nani, mtu gani mwangalifu zaidi? Zimebaki ngapi?"

"Mia na arobaini," akasema kwa sauti ndogo.

"Lete nyundo. Lavonne, na wewe usisimame kama nguzo, chukua bakuli," akasema akinigeukia.

Tulimaliza kabla ya chakula cha jioni. Ardis aligonga kwa nguvu mno, vichwa viwili vikarukia kwenye jemu, Orrin akamkaripia, akakaripiwa zaidi. Nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Kesho yake asubuhi nilirudi nikawakuta wote wawili mezani, wakitengeneza za Merle upya. Ardis alikuwa ameleta kiti cha jikoni, miwani, na kalamu. Orrin anasoma kopo la baruti kwa sauti, Ardis anarudia, anaandika, anamwonyesha, ndipo Orrin anapima. Zilipofika mia mzee akashika kifuniko cha kasha.

"Ngoja," Ardis akasema. "Sijamaliza kuandika."

Miaka yote ile hakuna aliyewahi kumwambia Orrin ngoja kwenye stoo ile, wala yeye hakuwahi kukubali kiti cha pili. Akaondoa mkono kwenye kifuniko, akakaa, akangoja.