Tundu la Pili la Mincho

Nedka Hristozova alikuwa na kichwa kigumu, na mji mzima wa Gabrovo, kule Bulgaria, ulilijua hilo kabla mumewe hajalijua. Alikuwa mpiga chapa katika shule moja ya sekondari. Mwaka ule wa tisini na sita shule ilitupa kompyuta zake kuukuu, ikaleta mpya. Nedka akaichomeka flopi yake, kile kidiski bapa cha plastiki cha kuhifadhia maandishi, kwenye mashine mpya. Ikakoroma kidogo, kisha ikaandika: diski hii haijafomatiwa, uifomati sasa?

Ndani ya flopi ile mlikuwa na maneno ya mama yake. Jioni baada ya jioni Bibi Rusana alikuwa amemsimulia bintiye maisha yake, Nedka akiyachukua neno kwa neno. Halafu kiharusi kikamkumba mama. Sasa alikaa kitini karibu na jiko, akili timamu, macho makali, lakini mdomo haukutoa hata jina la mtu. Sauti yake iliyobaki ilikuwa mle tu.

"Bonyeza ndiyo, Bi Nedka," alisema Kolyo, fundi wa kompyuta. "Itapangwa upya, utaitumia vizuri."

"Na kilichomo?"

"Kitafutika. Ila hamna kitu humo. Si imesema yenyewe?"

"Imesema haioni. Hata mimi bila miwani sikuoni, na wewe upo hapo umenikodolea macho."

Akabonyeza hapana, tena kwa kidole kilichokakamaa. Akasafisha kwa spiriti kile kichwa cha mashine kinachosoma flopi. Wapi! Akatoa kabatini flopi nyingine zilizoandikwa na mashine ileile ya zamani. Zikafunguka zote bila kelele. Basi mashine mpya ni nzima, na ya zamani haikukosea. Ugonjwa uko kwenye flopi hii hii.

Akaiweka kando ya flopi mwenzake iliyofunguka, akazikagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Mwenzake alikuwa na tundu kwenye pembe moja. Ya kwake ilikuwa na matundu pembe zote mbili, na la pili lilikuwa na kingo zilizoungua.

Mincho alikuwa anakunywa supu ya maharage mkewe alipoitupa flopi mezani.

"Tundu hili la nani?"

"Langu!" alisema Mincho, kifua mbele. "Kiwandani kwetu wanasema flopi yenye matundu mawili inabeba maradufu. Nikapasha msumari, nikatoboa zote za kwenye droo. Nimekuongezea nafasi bure, mke wangu, na hata asante sijapata."

"Zote? Hata iliyoandikwa?"

"Sasa ningeanza kuchagua?"

Jamani, sisi watu wa Gabrovo! Tukisikia kitu kinaongezeka bila kulipiwa, hatuna swali la pili. Nusu ya mji ilikuwa imetoboa flopi zake mwaka ule, ikijiona ina akili kweli.

Nedka alitamani kumwagia supu ile kichwani. Lakini hasira zake huwa hazimzuii kufikiri. Mashine ya zamani haikuwa na habari na tundu la pili. Hii mpya inaliangalia kwanza. Ikiliona, inadhani imepewa flopi ya aina kubwa, inatafuta maandishi ya aina hiyo, inayakosa. Hakuna kilichofutika. Mashine imedanganywa tu, na mwongo anakula maharage.

Kesho yake shuleni akaliziba tundu kwa kipande cha tepu nyeusi.

"Unaifunga bendeji?" Kolyo akacheka.

"Funga mdomo, ufungue macho."

Mashine ikakoroma, na maneno ya Bibi Rusana yakajaa kwenye kioo. Nedka akalia mbele ya kila mtu, wala hakuona haya. Akayachapa yote kwenye karatasi.

Jioni akamsomea mama yake. Mincho alikaa pembeni, mpole ghafla. Walipofika mahali fulani Nedka akasita, akaruka mistari. Bibi Rusana akagonga mkono wa kiti kwa kiganja chake kisichopooza.

"Mama, hapo pana maneno makali."

Akagonga tena. Nedka akasoma:

"'Huyo Mincho ni bahili, na mikono yake haitulii, nyumba nzima ataibomoa. Lakini nilipougua mapafu, theluji imefunga barabara, ni yeye aliyenibeba mgongoni mpaka hospitali. Sikumwambia asante. Kila siku nasema nitamwambia.'"

Mincho akainamisha kichwa. Bibi Rusana alimtazama, kisha akagonga kiti kwa nguvu zake zote, mpaka Nedka akaelewa kwamba anatakiwa kusoma tena pale penye asante.