Nilimnyima rafiki yangu barua ya mtihani, kambi ya mkonge Kilosa

Wakuu, salaam. Vijana wa humu mnaostahili kuniamkia, marahaba.

Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, mwalimu mstaafu. Mjukuu wangu ndiye aliyenifungulia account hii. Kila jioni namwona akipelekwa tuition ya interview ya kuingia shule moja ya private, na kila akirudi nakumbuka jambo ambalo sikumwambia hata marehemu mume wangu.

Nitalisema lilivyo. Mtakaotaka kunitukana, mtukane mkishamaliza kusoma.

Enzi za Mwingereza baba yangu alikuwa manamba, mkata mkonge kutoka Songea. Tulikaa kambi ya estate moja nje kidogo ya mji wa Kilosa. Wasichana tuliosoma mpaka darasa la nne tulikuwa wawili tu: mimi na Merina.

Merina alikuwa Mkaguru. Baba yake alifanya kazi kwenye gengi la reli, na kwao kulikuwa ng'ambo ya mto Mkondoa.

Aliyetufundisha ni Mwalimu Damari, mke wa karani wa estate. Kabla ya kuolewa alifundisha shule ya misheni huko milimani. Alituona tuna akili akasema anatuandaa kwa mtihani wa shule ya bweni ya wasichana. Ndiyo tuition yenyewe, ila hakututoza kitu. Kila siku wakataji wakisharudi na mapanga yao, sisi tulikuwa barazani kwake na vibao vyetu. Hesabu, Kiingereza, imla.

Merina alinizidi. Na wala si kidogo. Mimi nilikuwa bado nahesabu vidole, mwenzangu kashaweka kibao chini anaangalia kuku.

Siku moja nikamsikia Mwalimu akimwambia mumewe, "Misheni wana nafasi chache mno. Kwenye kambi hii wakichukua mmoja nitashukuru Mungu."

Mmoja. Nilienda kulala na hilo neno.

(Msidhani nilimchukia Merina. Tulikuwa tunakula sahani moja. Ndiyo maana linauma.)

Wiki mbili kabla ya mtihani, mama yake Merina alijifungua. Merina akabaki nyumbani kumsaidia, kwa ruhusa ya Mwalimu. Huku nyuma ikaja barua ya misheni: mtihani umewahishwa, utafanyika Jumamosi ya wiki ile ile. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Mwalimu alikuwa mjamzito, miguu imevimba. Akaandika karatasi, akaikunja.

"Mpelekee Merina. Usipomkuta, mpe mama yake mkononi. Umesikia?"

"Nimesikia, Mwalimu."

Nilifika daraja la reli. Mto ulikuwa umejaa lakini darajani palipitika. Nyumba ya kina Merina niliiona kabisa, na nguo za mtoto zimeanikwa.

Nikakaa. Sijui nilikaa muda gani. Kisha nikaiachia ile karatasi ikaenda na maji.

Niliporudi Mwalimu aliuliza, "Umemkuta?"

"Hayupo, Mwalimu. Nimempa mama yake."

"Ahsante, mwanangu."

Jumamosi tulisimama barabarani, Mwalimu na miguu yake ile, akiangalia njia ya mtoni. "Tumsubiri kidogo." Baadaye, "Kidogo tena." Mwisho mumewe akasema tutachelewa. Nikaondoka naye.

Jumatatu Merina akaja na kibao chake, kakiosha safi. Mwalimu hakumruhusu kukaa.

"Mwaka mzima nakufundisha, halafu siku ya mtihani unakaa nyumbani?"

"Mtihani gani, Mwalimu? Sikuambiwa."

Mwalimu akanigeukia. "Wewe, barua ulimpa mama yake?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema. Merina alikuwa ananiangalia, anasubiri nimtetee.

"Nilimpa, Mwalimu."

"Umeona, Merina? Na uongo juu yake. Nenda nyumbani."

Mama yake alikuwa ndani ya arobaini, asingeweza kuja kuuliza. Baba yake alikuwa mtu wa kuogopa watu wa ofisini. Yakaishia hapo.

Nilifaulu. Nikavaa viatu kwa mara ya kwanza maishani nikienda bweni. Mwaka wa pili nikapata habari kwamba Mwalimu Damari amefariki kwenye uzazi mwingine, yeye na mtoto. Nikalia mpaka matron akanitoa darasani. Wenzangu walidhani nalia kifo tu.

Merina aliozwa mapema, akahamia Ruaha, kule kwenye miwa. Mimi nikafundisha karibu miaka arobaini. Watoto wa watu niliwachapa kwa kusema uongo. Mimi!

Mwaka jana nikaulizia, nikampata. Nikapanda basi, nikapita Mikumi nikitazama dirishani bila kuona kitu. Nilimkuta uani anachambua mchicha. Akanifahamu kabla sijajitambulisha, akacheka, akaniita jina la utotoni.

Nilimwambia yote, hata bila kunywa maji.

Nilitegemea aniulize kuhusu shule, maisha niliyoishi mimi ambayo yangekuwa yake. Hakuuliza.

Alisema, "Mwalimu alikuja kujua?"

"Hapana."

"Kwa hiyo alikufa anajua mimi ni mwongo."

Akajifunika uso na kanga. Wakuu, kilio cha mtu mzima kwa jambo la utoto sijawahi kukisikia kama kile.

Alipotulia akauliza kama Mwalimu aliacha watoto, akataka niwatafute nikawaambie ukweli. Nilirudi Kilosa nikaulizia mpaka kata ya Mabwerebwere. Hakuna anayeikumbuka familia ile. Nilipompigia simu kumpa majibu, alisema "Haya," akakata. Tangu hapo hapokei.

Nilichojifunza: miaka yote nilidhani nilimwibia nafasi ya shule. Kumbe nilimwibia jina lake kwa mtu aliyempenda, na hilo sina pa kulirudishia. Wewe ambaye kuna mtu amebeba kosa lako, nenda leo, maana wa kuambiwa wanakufa.

Kama kuna mtu humu ana asili ya makarani wa kambi zile, ana bibi aliyeitwa Damari, tafadhali aniandikie hapa chini. Na wengine semeni mnavyoona, nitasoma zote.

Ila jueni hili: Merina hakuzembea, na hakusema uongo. Barua haikumfikia.