Kitambaa cha Fundi wa Programu

Kabla hajagusa kompyuta, fundi wa programu wa zahanati hufuta meza kwanza kwa kitambaa cha njano, hata kama inang'aa kama kioo, na chochote ulichokisahau juu yake huishia kwenye pipa la taka. Kisha huketi, huandika kwa vidole viwili jinsi anavyotaka majedwali ya wagonjwa yawe, huwasha seva, mashine inayotunza kumbukumbu za zahanati, na majedwali hujiunda yenyewe. Dada wa mapokezi amezoea kumwona akitabasamu hapo. Leo hatabasamu. Wagonjwa wote aliowaingiza dada kwenye majedwali asubuhi wametoweka tena, na dirishani amesimama mama mwenye mtoto anayechemka homa. Kompyuta inasema haimjui mtoto huyo. "Majedwali yapo, safu zipo, watu wameenda wapi?" fundi anajiuliza. Haelewi kichwa wala miguu. Anazima seva, anaiwasha. Patupu. "Kaka, kuna mtu anatuchezea?" dada anauliza. Kidole cha fundi kinashuka kwenye skrini, juu ya maagizo ya programu, mstari kwa mstari, mpaka kinaganda: kila seva inapowaka, futa majedwali yote, kisha yaunde upya. "Nani kaandika hii?" ananong'ona. Dada anautazama tu mkono wa pili wa fundi, ambao tayari umeshika kitambaa na unafuta meza.