Kichujio Kilichopaswa Kuwa Safi

Mume wangu hupima moshi wa viwanda. Mama yangu alikufa bila kuielewa kazi hiyo. Kila akija kututembelea alikuwa akiuliza, "Sasa akishaupima, anamuuzia nani?"

Miaka ishirini na sita amepanda ngazi za chuma kwenye dohani, mkanda kiunoni, pampu mgongoni. Huko juu huchomeka mrija tunduni na kuuvuta moshi upite kwenye kichujio cheupe, duara la ukubwa wa kiganja, kisha maabara husema umebeba kiasi gani cha madini ya risasi, ile sumu inayoharibu ubongo wa watoto. Siku hizi magoti yamemchoka. Anarudi akijishika ukutani kama mlevi, na huyo hata soda hanywi.

Mitaa mitatu kutoka kwetu kuna kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Wenyewe wanasema ule ni mvuke tu. Mvuke gani unaotia kutu mabati! Sisi tunalea mjukuu, ndiyo kwanza anatambaa, kwa hiyo kazi ya kukipima kiwanda hicho mume wangu aliitaka kuliko zote. Vipimo vikikubaliwa, kiwanda kingelazimishwa kufunga mtambo wa kusafisha moshi. Akapanda siku tatu.

Jumatatu majibu yakaja: vyote vimekataliwa. Katika kila safari kuna kichujio kimoja kisichoonjeshwa moshi. Hupelekwa huko juu, hushushwa, hupelekwa maabara kikiwa kitupu, ili ijulikane kwamba vingine havikuchafukia njiani. Hicho kitupu ndicho kilichokutwa na risasi.

"Nimezeeka, mke wangu," alisema, hata viatu hajavua. "Nimepanda bure. Na visahani vya kubebea vichujio nilivifunga mwenyewe, kimoja kimoja."

Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika.

"Ni mimi, baba watoto. Uliliacha sanduku la vichujio mezani kabla hujaenda kupanda. Nikaona visahani vina vumbi, nikasema mume wangu asiende kuaibika mbele za watu. Nikafungua cha juu, kile ulichokiandika 'kitupu', nikakifuta ndani. Mtoto akalia, vingine nikaviacha."

Nikangoja anifokee. Nilishaandaa na jibu: nani aliwahi kuniambia vitu vyako havifutwi? Hakufoka. Alikaa akinitazama kwa uchovu ulioniuma kuliko matusi.

"Ulifutia nini?"

"Kitambaa. Hiki hiki cha kila siku."

"Kabla ya hapo ulikuwa umefuta nini?"

"Nini tena? Meza. Dirisha. Kitanda cha mtoto."

Nikamwona anahesabu kichwani, na mimi, nisiyejua hesabu za moshi, nikafika alipofika. Risasi haikutoka kiwandani siku ile. Ilitoka humu ndani, kwenye vumbi ninalolifuta kila siku.

Kitambaa bado kilikuwa mkononi mwangu. Muda mfupi kabla ya hapo nilikuwa nimempangusa nacho mjukuu wetu maziwa mdomoni.

Mume wangu akainuka, akamnyanyua mtoto sakafuni. Akageukia kitanda, akageukia kochi, akageukia meza. Tukasimama naye hapo katikati ya chumba, hatujui tumweke wapi.