Usimwangukie Mwalimu Wako

Siku ile ningali naikumbuka, mwanangu, na hasira yake haijanitoka, ingawa namshukuru Mungu kwa yaliyofuata. Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi na binamu yangu Saidi tulikuwa tukijifunza aikido katika ukumbi mmoja karibu na Dagoretti Corner, kwa mwalimu Mjapani. Ni mchezo wa kujihami bila ngumi: unamshika mtu, naye anakuangusha kwa uzito wako mwenyewe.

Maneno yakamfikia baba yangu, aliyefundisha madrasa mjini, kwamba tunaangushwa pasipo kuguswa. Akaja kutazama. Mlangoni akaniambia, "Kama ni jini, leo ndiyo mwisho wako hapa." Nami, ukiondoa dini yangu, sikuwa na kitu nilichokipenda kama mchezo ule.

Mwalimu akamwita Saidi amshike mkono. Saidi, akitaka kumpamba mwalimu mbele ya mgeni, akajirusha chali kabla vidole vyao havijakutana.

Baba akainuka. "Wee Saidi, umeangushwa na nini?"

"Nguvu za ndani, Ami."

"Ndani ya nani? Vaeni viatu, twende!"

Kumbe mwalimu alikuwa amewaka kuliko baba. "Saidi! Mimi sijashika wewe. Kwa nini unaanguka? Unanifanya mwongo!" Kisha akamwinamia baba, akamwomba amsukume kifuani kwa mkono mmoja, na wa pili auweke kiunoni pa huyo mwalimu, ahisi mwenyewe.

Baba akasukuma. Mwalimu hakuyumba. Baadaye baba alitueleza alichohisi: mabega yamelegea, pumzi imeshuka tumboni, nyonga zimetulia, na msukumo wake wote ukiteremka hadi visiginoni, ardhini. Akasukuma tena. Mwalimu akageuza kiuno kidogo tu. Kofia ya baba ikaenda kulia, mwenyewe kushoto, akajikuta ameketi mkekani. Hakuna aliyethubutu kucheka.

"Jini gani hili," akasema baba, "linalokaa kwenye nyonga?" Akaokota kofia yake. "Hebu tena, mwalimu."

Ruhusa nikapata. Lakini njiani baba alimfokea Saidi. "Ulidhani unamheshimu, kumbe unamdanganya. Na ukishikwa na kibaka River Road, naye ataanguka kwa heshima?"

Sasa nikienda Karen kumtazama mjukuu wangu akifanya mazoezi, damu inanichemka. Vijana wanaruka kabla ya kuguswa, mwalimu anatabasamu, wazazi wanapiga makofi! Hamwoni haya? Mwenyezi Mungu amekupa mifupa, misuli na pumzi, kila kimoja na kazi yake, nawe unaviita muujiza ili usijisumbue kuvijua!

Basi, mwanangu, ukimshika mwalimu wako, mshike kikweli. Asipokuangusha, baki umesimama, umwambie kwa adabu kwamba hujaanguka. Akikasirika, muage. Akikuuliza umehisi nini, kaa kwake ujifunze. Mungu akutie nguvu magotini, akupokee salama kila uangukapo, na akuinue ukiwa bado mkweli.