Maswali Manane Badala ya Matano

Mama alikuwa ameshakanda unga nilipofungua matokeo kwenye simu. Ndiyo kawaida ya ploti yetu ya vyumba vya kupanga, hapa Lucky Summer, Nairobi: mtoto wa mlango wowote akifanya mtihani wa kidato cha nne, siku ya matokeo majiko yanatolewa uani na chapati zinapikwa za milango yote. Hakuna anayengoja gredi kwanza. Tena mimi mwenyewe ndiye niliyewaambia wasiwe na shaka.

Gredi ya jumla ilikuwa C. Chuo kikuu kinataka C+. Hesabu, somo nililolipenda kuliko yote, ilikuwa D.

Nilizima simu, nikaiwasha, nikaingiza nambari yangu upya nikiamini nimeona matokeo ya mtu mwingine. Herufi zilikuwa zilezile. Kisha nikaenda bombani kunawa mikono. Nilinawa, nikanawa tena, na sijui mpaka leo nilikuwa nanawa nini.

Mama alinitazama usoni, akaelewa. Hakuuliza gredi. Aliuliza kama nimekula tangu asubuhi. Jirani wa mlango wa pili, mama wa Kimombasa ambaye hunifunika kwa maneno matamu hata nikimkosea, aliendelea kukata madonge.

"Unga ushakandwa, mwanangu," akasema. "Tutakula tu."

Nikawatangazia kwamba sirudii mtihani. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia. Niliacha shule kidato cha pili, Mama alipougua, nikajifundisha mwenyewe chumbani kwa vitabu vikuukuu vya soko la Gikomba. Kama juhudi ile yote imezaa D, niliona basi akili yangu ndiyo D.

Binti wa jirani yule, anayesomea ualimu, alikuwa akisukuma chapati. Aliniuliza karatasi ya hesabu ilinishindaje, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nikimsaidia mdogo wake. Nikamweleza kwamba hata haikunishinda. Sehemu ya pili ilikuwa na maswali manane, nami niliyagusa yote. Sikumaliza mengi, lakini sikuacha hata moja.

Mkono wake ukasimama juu ya kibao.

"Zote nane? Si wanasema uchague tano?"

Nilijua wanasema hivyo. Niliyasoma maagizo. Ila nyumbani, kila nilipofanya karatasi za zamani, nilijibu yote, maana kuacha swali tupu kulinifanya nishindwe kulala. Nilidhani msahihishaji atachagua mazuri.

"Wanasahihisha tano za kwanza," akasema. "Kwani ulikuwa unashindana na nani, wewe?"

Matano ya kwanza ndiyo niliyoyaacha nusu nusu. Yale niliyoyamaliza yalikuwa mwishoni. Nikakaa chini palepale, kwenye saruji yenye unga. Mama alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeogopa jambo baya zaidi, kisha akajifuta macho kwa kiwiko kwa sababu vidole vilikuwa na mafuta. Mimi sikuweza kucheka. Kushindwa kwa kutojua ningekuelewa. Huku kwa kutaka kukamilisha kila kitu kulinishtua kuliko ile D.

Tulikula. Majirani walikuja, wakapewa, wakasema asante bila kuuliza lolote. Walipoondoka, Mama akasema usajili wa mtihani ujao hauko mbali, kwa hiyo anataka jibu langu sasa, si kesho. Nikaanza kukusanya sahani.

Binti wa jirani akaleta karatasi ya zamani ya hesabu na kuegemeza simu yake kwenye sufuria, saa ikihesabu muda. Akaniambia nichague matano, mengine nisiyaguse hata kwa penseli.

Nilifanya matano. Ukurasa uliobaki ulikuwa mweupe, nami nilitamani kuujaza. Mama alikuwa amesimama nyuma yangu. Nikaweka kalamu chini, nikamwambia anisajili.